Stata ya Miezi Minane

Jumatatu, 4 Machi

Petroli imeniishia katikati ya uwanja wa shule. Hatua sitini kutoka bandani. Kosa langu, sikuangalia tangi asubuhi. Na nani amesimama kivulini? Mtunza bustani, yule tunayemwita Fyekeo, ameegemea fyekeo lake na kutabasamu. Ijumaa tu nilimwambia chombo chake ni cha enzi za babu, kwamba sisi watu wa mashine hatutoki jasho. Sasa nishuke nisukume trekta la kukatia nyasi mbele yake? Afadhali nife.

Nikapata akili. Stata ni mota, inazungusha injini kwa nguvu ya betri. Ukiweka gia, itazungusha na magurudumu. Ipo swichi ya kuzuia upuuzi huo, lakini niliiruka kwa kipande cha waya mwezi uliopita, ilikuwa inanichelewesha. Basi nikaweka gia, nikageuza ufunguo, nikashikilia. Trekta likajikokota mdogo mdogo mpaka bandani. Fyekeo akanipigia saluti. Niliipokea.

Kisha harufu ya kuungua. Nikajaza petroli, nikageuza ufunguo. Ka! Nikageuza tena. Kimya.

Jumanne, 5 Machi

Nimeripoti kwa Mwalimu Mkuu kwamba stata imekufa kifo cha kawaida. Akafungua faili lake. Akasema ilifungwa Julai, na fundi alimhakikishia itafika miaka kumi ikitunzwa. Hii ni miezi minane. Akataka nieleze. Mdomo huponza kichwa, lakini wangu umeponza kichwa cha mwenzangu: nilisema siku hizi vipuri feki vimejaa, na mafundi nao si wa kuaminika. Akaandika.

Fundi mwenyewe ni shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Ndiye aliyenitafutia kazi hii na kunidhamini. Nimeandika sentensi hiyo, nikaifuta, nikaiandika tena.

Jumatano, 6 Machi

Mpango. Nikiliwasha trekta kwa kamba, hakuna atakayeuliza habari za stata, na shemeji atapona. Nimefungua kifuniko cha juu, nimezungushia injini kamba, nimevuta kwa nguvu zangu zote. Kamba ikachomoka. Nikaenda kinyumenyume hadi kwenye maua ya Fyekeo, nikakaa humo. Akaja polepole, akauliza kama sisi watu wa mashine ndivyo tunavyopumzika.

Mchana Mwalimu Mkuu ameandika barua. Shemeji aje ajieleze, la sivyo asiguse tena mashine za shule. Hiyo ni nusu ya kazi zake zote. Barua nimepewa niipeleke mimi, maana ndimi ninayejua kwake. Nimeipeleka. Ameisoma amesimama, akanishukuru kwa usumbufu. Usumbufu!

Alhamisi, 7 Machi

Shemeji amepita bandani, ameifungua stata, amekuja nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Akaipasua mezani kwetu. Nyaya za ndani nyeusi tii. Akasema stata haiuawi na umri, inauawa na mkono usioachia ufunguo. Sekunde tano, kisha uiache ipoe. Injini ikigoma, shuka uangalie kinachoisumbua. Ile ya hospitalini aliifunga yeye, ina miaka kumi na minne na bado inafanya kazi.

Akaniuliza huwa naliwashaje. Nikasema kama watu wote. Akasema labda ni yeye aliyedanganywa dukani, kesho atakwenda kuomba radhi.

Kuomba radhi! Nikachukua kikombe changu nikaenda jikoni. Mke wangu alinifuata, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, na kama kuna ninachokijua niseme kabla kaka yake hajadhalilika. Nikamwambia hana imani na mumewe. Akarudi kukaa na kaka yake. Nilibaki jikoni naosha kikombe ambacho kilikuwa safi.

Ijumaa, 8 Machi

Nimetoka mapema ili nikakiri mwenyewe kwa Mwalimu Mkuu. Nimechelewa. Niliposimama kufunga kamba za viatu mara tatu, shemeji alikuwa ameshaingia ofisini, ameshabeba lawama, na ameshaahidi kufunga stata mpya bure.

Nilimkamata getini nikamweleza yote: petroli, gia, waya, Fyekeo. Akasema alijua tangu jana, waya aliuona. Nikauliza kwa nini hakusema. Akasema ningefukuzwa, na dada yake anaishi kwangu. Hakukasirika. Afadhali angenipiga.

Nimelia mbele ya watu, getini, mtu mzima na mvi zangu. Nikaapa kwa kila kitu. Akasema kiapo hakihitaji. Anachoomba ni sekunde tano tu, kwa sababu hii mpya ikiungua hatakuwa na maneno tena mbele ya Mwalimu Mkuu. Ameifunga mchana, amerudisha swichi. Nimemshikia spana. Nimekuwa mtu mwingine, najisikia kabisa.

Jumamosi, 9 Machi

Siku ya wazazi. Mwalimu Mkuu ameleta wageni uwanjani waone mashine ikifanya kazi. Nimepanda, nimevaa ovaroli iliyopigwa pasi. Shemeji amesimama pamoja nao. Fyekeo pia.

Nikageuza ufunguo. Injini ikazunguka, haikuwaka. Nikahesabu hadi tano, nikaachia. Vizuri kabisa. Hapo nikakumbuka koki ya petroli imefungwa tangu kazi ya jana, na iko chini, upande wa wageni. Ili kuifikia lazima nishuke, nipige magoti, niinamishe kichwa mbele ya watu arobaini wenye nguo nzuri. Fyekeo alikwisha kuanza kutabasamu.

Nikaona petroli kidogo huenda imebaki kwenye mpira unaoipeleka kwenye injini. Nikageuza ufunguo, nikashikilia. Nilimwona shemeji anahesabu kwa vidole. Vya mkono wa kwanza vikaisha. Vya mkono wa pili vikaisha. Akavua kofia yake.

Mgeni mmoja akauliza harufu gani ile. Nikamwambia stata mpya hunukia hivyo.

Mwalimu Mkuu amemwita shemeji ofisini Jumatatu. Nitakwenda kwa shemeji kesho baada ya chakula nimweleze kwamba tatizo ni betri.