Praha Bila Hisani ya Daktari wa Meno

Alhamisi, 15 Mei

Nimefika Praha. Kwa nauli yangu, kwa basi nililolichagua mwenyewe, na mkoba wenye mikate ya nyama ya kukaanga ya kunitosha mpaka Jumapili. Mtu wa Brno kama mimi hali chakula cha Praha. Anautazama mji, basi. Kutazama bado hawajaanza kulipisha.

Sababu ya safari ni binti yangu Radka. Jumamosi anapiga fidla kanisani, yeye mbele, okestra nzima nyuma yake. Mara yake ya kwanza. Mama yake, Zdena, aliyeniacha akaolewa na daktari wa meno wa hapa, alinitumia tiketi ya safu ya mbele. Akaongeza kwamba Luboš (ndiye huyo wa meno) ameniandalia chumba kwao chenye dirisha linalotazama mto. Tena kiti changu kiko kando ya Luboš. Bega kwa bega! Nikitokwa na machozi anipe na leso yake!

Nimemjibu Zdena kwamba nina mipango yangu. Akaandika, "Bohumír, kwa ajili ya mtoto, usianze."

Nimepata kitanda hosteli, nyuma ya stesheni. Kitanda cha ghorofa, tena cha juu. Nimekuwa fundi wa lifti maisha yangu yote na goti langu limepanda vya kutosha. Cha chini kimekaliwa na mwalimu mstaafu wa jiografia kutoka Olomouc, Květoslav, kidevu kimenyolewa kama yai. Anajitapa kwamba ametembelea nusu ya Ulaya na hajawahi kulipia kifungua kinywa. Nikamwambia hata mimi. Uongo, lakini kuanzia kesho itakuwa kweli.

Ijumaa, 16 Mei

Mpango wa kifungua kinywa. Nilisimama nje ya hoteli kubwa mpaka wastaafu wakashuka kwenye basi la utalii. Nikajipenyeza katikati, nikachechemea kama wao (sikuhitaji kuigiza). Nikaingia. Nyama! Jibini! Mayai yanayotoa moshi!

Mezani, nani yumo? Květoslav. Shingoni ametundika kitambulisho cha msafara kilichoandikwa Bi Drahomíra. Nilimkonyeza, wawili tukila hatutamaliza chakula cha hoteli. Akanyanyua uma, akapaza sauti: "Jamani, huyu mzee mwenye ndevu si wetu!"

Nikatolewa. Yai nilikuwa nimelitia mfukoni. Halikuwa limeiva.

Narudi hosteli, kwenye friji mikate yangu imepungua nusu. Květoslav alikuwa amefika kabla yangu, anafuta mdomo. Akanieleza kwa upole wa mwalimu kwamba kwenye friji ya hosteli kitu kisicho na jina ni cha umma. Nikamuuliza tangu lini yeye anaitwa umma. Akacheka, akasema ana moyo wa kulipa fadhila, tufanye biashara.

Nikafikiri haraka. Mimi nataka kitanda cha chini. Yeye anacho, na anacho kibali cha kupandia tramu na treni za mjini mpaka Jumapili. Mimi nina tiketi ya safu ya mbele inayonichoma mfukoni. Tukabadilishana. Aliipokea upesi mno, nikamhurumia.

Sasa mpango wenyewe. Kesho naingia kanisani mapema, wakati wanamuziki wanapanga viti. Kanisa la zamani halikosi kona. Nitamsikia mwanangu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, na sitakuwa na wa kumwambia asante. Nimelala chini. Kitanda kinanuka miguu ya Květoslav.

Jumamosi, 17 Mei, jioni

Naandika nimekaa kwenye benchi la barabarani.

Kibali kilikuwa kimeisha muda. Mkaguzi alikitazama kwenye mwanga, akasema, "Mzee, hiki kilikufa juzi, tukuzikie?" Nikamwambia mimi natoka Brno. Akasema hilo ameshaliona. Behewa zima likacheka. Nilipigwa faini, nikashushwa, nikavuka daraja kwa miguu, goti likilia, nikisukumana na watu waliokuja kutoka pande zote za dunia kujipiga picha na sanamu.

Kanisani nilibeba kiti kama mtu wa kazi, nikapita. Kona niliipata: chumba cha maungamo. Giza, pazia, benchi laini. Bure! Nikajiona mfalme. Kanisa likajaa mpaka mlangoni, na kutoka nisingeweza tena.

Kisha sauti ya Radka. Sikujua kwamba atasema kitu. Alisema wimbo wa polepole, wa katikati, anampigia baba yake, aliyekuwa akikaa sakafuni nje ya chumba chake huko Brno alipokuwa akijifunza, ili majirani wakija kulalamika wamkute yeye kwanza. Akasema, "Baba, najua uko hapa mbele."

Watu wakapiga makofi. Nikachungulia kwenye tundu la pazia. Kwenye kiti changu, kando ya Luboš, Květoslav alisimama akapunga mkono!

Nilishika pazia nitoke. Naapa nililishika. Hapohapo upande wa pili mtu akapiga magoti, na sauti ya bibi kizee ikanong'ona, "Padri, nimetenda dhambi." Nikamwambia padri hayupo. Akasema, "Mbona unanijibu?" Nikamwomba anyamaze, kuna muziki. Akasema amenyamaza miaka mingi mno na leo lazima aseme. Akasema. Aliiba maboga ya jirani yake marehemu. Halafu mume wa jirani. Halafu maboga tena. Fidla ya mwanangu ilipanda, ikashuka, ikalia, na mimi nilikuwa nasikia habari za maboga. Wimbo ulipoisha bibi akauliza adhabu yake ni nini. Nikamwambia arudishe maboga.

Mtunza kanisa alinitoa kwa mlango wa nyuma, akanionya kwamba mahali pa kulala wasio na makazi ni mtaa wa pili.

Nje nikamkuta Radka na maua mikononi. Hakuwa na miwani. Jukwaani huwa haivai. Akanikumbatia, kisha akaniangalia kidevu, akarudi nyuma.

"Baba, ndevu hizi… Sasa yule nani? Nilipiga fidla nikimtazama. Nikasema moyoni, baba kanyoa kwa ajili yangu."

Hapo ndipo pa kusema ukweli. Nikasema basi lilichelewa.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Akaniuliza kama nimekula, Luboš amelipia meza ya wote. Nikasema nimeshiba. Tumbo likanguruma, akasikia, akatazama pembeni. Zdena alinitengeneza kola kama zamani. Kisha wakaondoka. Květoslav, aliyekwisha kujiita rafiki yangu mbele yao, akiwa katikati, Luboš akimwonyesha njia ya mgahawa.

Jumapili, 18 Mei

Basi la kurudi Brno. Květoslav hakurudi hosteli. Amelala kwenye chumba chenye dirisha linalotazama mto.

Luboš alinipigia kunipa lifti mpaka nyumbani, kwa gari, na viti vya kupasha moto goti. Nikamwambia nina miadi.

Radka ameniandikia. Mwezi wa Oktoba anapiga fidla Vienna. Anataka nikae mahali atakaponiona hata bila miwani. Anauliza kama aninunulie tiketi yeye mwenyewe, kwa pesa yake, si ya mtu mwingine. Nimeusoma ujumbe mara nyingi. Dirishani mashamba yalikuwa ya manjano, macho yakaniwasha. Ni maua ya shambani, yana vumbi.

Nikafikiri sana, kwa utulivu, kama mtu mzima aliyepata funzo. Kosa langu liko wazi. Nilikaa chini. Mwanamuziki akipiga hatazami pazia, ila juu huinua macho. Na kumbi za Vienna ni za zamani, hazikosi lifti ya kupandishia mitambo ya taa, na lifti haikosi kuhitaji fundi.

Nimemjibu: Usinunue chochote, mwanangu. Tazama dari tu.