Tone Moja, Sahani Mia

Mugure alikuwa akimmiminia Meya chai ya tatu wakati redio ya kibandani ilipotangaza kwamba kampuni moja ya sabuni imeamriwa iondoe tangazo lake hewani. Tangazo lilidai tone moja linaosha sahani mia. Walipolipima, likaishia sahani ya nane.

"Nane ni nyingi," akasema Meya. Jina lake halisi ni Lemein, muuza mbuzi, lakini hakuna jambo la Kitengela asilolitolea uamuzi. "Hao walipima na maji ya mvua. Na hii yetu ya borehole, vile iko na chumvi, hiyo tone ingekufa kwa sahani ya pili."

"Matangazo yote ni hivyo," akadakia Munguti, fundi wa mabomba wanayemwita Valvu. "Mimi nilinunua dawa ya mende. Kwa TV mende wanaanguka kama mvua. Kwangu walikuja kuangalia ni nini inanukia poa hivyo, wakaita na wa jirani."

"Afadhali wewe," akasema Meya. "Mke wangu Soipan alinunua sufuria eti haishiki ugali. Siku hiyo kabla ya kula tulivutana watu wawili, mmoja na sufuria, mmoja na ugali."

Mugure hakucheka. Jumamosi alikuwa na kazi ya kupikia harusi huko Isinya, wageni mia mbili, kazi kubwa ya kwanza tangu aanze kupikia sherehe badala ya kuuza chai na ndengu tu. Alikuwa amepiga hesabu: mia mbili ni matone mawili. Akanunua kachupa kadogo kabisa. Sasa akakatoa chini ya meza, akakaweka mbele yao.

Meya akakainua. "Mama Caro," akamwambia Mugure, "usiniambie ni hii."

"Redio pia inaweza kukosea," akajibu Mugure, ingawa moyo ulikuwa umeshamshuka. "Nyinyi mnajua kila kitu. Pimeni."

Meya akakunja mikono ya shati. Valvu akadondosha tone moja kwenye karai, kwa uangalifu wa mtu anayetia dawa ya macho. Sahani ya kwanza, sawa. Ya pili, povu likawa la kutafutwa. Ya tatu ilikuwa na mafuta ya mbuzi. Ikatoka karaini ikiteleza kuliko ilivyoingia.

"Si nilisema," akasema Meya.

"Wewe unasugua kama unaosha mtoto mchanga. Hebu lete," akasema Valvu.

Wakabishana, wakaongeza tone, wakaanza kuhesabu upya. Mugure akawasogezea sahani za mchana. Hakuna aliyeuliza. Akaleta vikombe, kisha sufuria ya matumbo. Valvu akaipokea, akasema ni vizuri wapime na vitu vigumu pia. Mugure akaketi kwenye benchi lao na kikombe chake mwenyewe, mara ya kwanza kuketi tangu alfajiri.

Kachupa kaliisha kwenye sahani ya sitini na moja.

"Basi nitaenda na sabuni ya kipande," akasema Mugure. "Na watu wawili wa kuosha. Mko na mkono mzuri."

"Sisi?" Valvu akaangalia vidole vyake vilivyokunjamana. "Sisi tulikuwa tunapima tu."

Meya alikuwa akitafuta jibu la heshima simu yake ilipolia. Ni simu isiyojua kunong'ona. Kibanda kizima kilimsikia mkewe.

"Uko wapi?"

"Niko kwa Mama Caro, naosha vyombo."

Meya akagundua alichokisema, lakini kilikuwa kimeshafika.

"Lemein," akasema Soipan polepole, "unaosha nini?"

"Ni utafiti."

"Sawa. Kuja ufanye utafiti hapa kwako. Sinki imejaa tangu juzi."

Meya akaisogeza simu mbali na mdomo. "Haloo? Haloo? Network imepotea," akasema, akaikata. Akajipangusa mikono kwenye suruali, akamgeukia Mugure.

"Jumamosi tunatoka saa ngapi?"