Kimelea cha Ujasiri

Jumatatu, 6 Oktoba

Jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: mwaka jana, Jumapili Nyeupe, sikukuu yetu ya watoto, sikuwa na homa. Nilijibandika gimbi la moto kwenye paji la uso mpaka Bibi Tialuga akaamini. Nikabaki kitandani wakati watoto wote wa Samoa wamevaa nyeupe, wanakariri maandiko mbele ya kanisa.

Mwaka huu homa haitakubalika. Nina miaka kumi na tano, na aya nane, peke yangu. Bibi ameapa kwamba nikinyamaza atakuja mbele anishike mkono tukariri pamoja, kama wanavyofanyiwa watoto wa miaka mitatu. Mbele ya binamu yangu Filomena! Afadhali nife.

Leo mwalimu wa sayansi, Bwana Siaosi, ametueleza kuhusu kimelea kinachoishi ndani ya paka. Panya akikipata, woga wa harufu ya paka unamtoka. Anajipeleka mwenyewe mdomoni. Kwa binadamu, baadhi ya wataalamu wanadhani huenda kinaongeza ujasiri kidogo. Wengine wanasema ushahidi ni haba. Alieleza kwa Kiingereza, akarudia kwa Kisamoa. Ujasiri nimeuandika kwa lugha zote mbili. Ushahidi sikuuandika.

Tunaye paka. Anaitwa Pisupo, kama nyama ya kopo.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimelala na Pisupo. Kanikwaruza sikio. Hakuna badiliko.

Mwalimu alisema kimelea hutoka na kinyesi. Basi jioni nimejitolea kupalilia maua ya Bibi, ambayo ndiyo choo cha Pisupo. Mikono mitupu. Kisha nikala ndizi bila kunawa. Sitaki kuandika zaidi.

Bibi kafurahi mno, kamwamuru Filomena, ambaye tunaishi naye, aje kusaidia. Kaja ananisonya: haya, bubu wa Bibi, sogea huko. Nikashtuka. Filomena na mdomo ule, akiongezewa ujasiri, si atamnyang'anya mchungaji mahubiri? Nimemkimbizia maji na sabuni mwenyewe. Kaniuliza kama naumwa.

Jumatano, 8 Oktoba

Mazoezi kanisani. Nimesimama, na maneno mawili yametoka! Wiki iliyopita halikutoka hata moja. Filomena anasema maneno yenyewe yalikuwa "samahani, nimesahau." Wivu tu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Dalili kubwa. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa mkekani kwetu, nami nikapita mbele yao wima, bila kuinama, bila kuomba radhi. Wazee watano! Bibi kanifuata uani na ufagio. Wewe mtoto, unapita juu ya vichwa vya watu kama nguzo ya umeme, nani kakufundisha? Miguu inawaka bado.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nakariri aya ya tatu, nikasahau kuinama. Lakini panya naye si husahau kumwogopa paka? Ni yaleyale.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimemuuliza Bwana Siaosi, kwa niaba ya rafiki, kimelea huchukua muda gani kufika kwenye ubongo. Kasema wiki kadhaa, na wengi hawahisi chochote maisha yao yote. Kisha kanitazama sana, kasema nimwambie huyo rafiki anawe mikono, na aache kutafuta ugonjwa. Nimeahidi kufikisha ujumbe.

Wiki kadhaa! Nimebakiwa na siku mbili. Nimempa Pisupo alambe sahani yangu.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimeitwa. Nimesimama na gauni jeupe. Kimya. Feni inazunguka. Filomena anatabasamu. Ndipo nikaona Bibi anaweka upepeo wake kwenye benchi na kuinuka. Akapiga hatua moja. Ya pili. Mkono ameshaunyoosha!

Aya zote nane zikanitoka kwa pumzi moja, kwa sauti iliyomwamsha shemasi. Bibi akasimama katikati ya njia, akajifanya alikuwa anakwenda kufunga dirisha.

Mchana, watoto tukala kwanza, wakubwa wakatuhudumia kama desturi. Bibi kaniwekea nyama ya nguruwe, kacheka mpaka akashika ubavu: kumbe dawa yako ni mimi, mjukuu wangu, ningejua ningeinuka mapema. Filomena kasema hata yeye ameona, nilimwogopa Bibi kuliko kanisa zima.

Maskini, hawajui sayansi. Ni kimelea. Kwangu kimewahi tu.

Mchungaji anataka nisimame tena Krismasi, aya ishirini. Pisupo mmoja hatoshi. Alasiri nimeazima mtoto wa paka kwa jirani. Yupo chini ya kitanda, ndani ya boksi.

Nyayo kwenye ukumbi. Za Bibi. Anauliza kwa sauti kwa nini kitanda changu kinalia nyau. Naingiza daftari chini ya