Sekunde Moja Iliyolinda Kiuno cha Mwalimu Mkuu

Sogeeni, enyi wenye masikio! Wewe wa dirishani, weka simu chini. Nawe unayetafuna, tafuna kimya. Nataka kuwasimulia vita vilivyopiganwa chini ya bati la karakana yetu ya ushonaji, baina ya Haraka na Usalama, na jinsi shujaa wetu alivyoshinda pasipo kuinuka kitini.

Shujaa huyo ni Shangazi, bibi wa cherehani nne, mshika mkasi mkubwa, ambaye tepu yake imevizunguka viuno vya nusu ya mtaa na mdomo wake haujataja hata kimoja. Aliyemletea vita ni mtoto wa kaka yake, fundi wa kompyuta, ambaye sote tunamwita Kobe kwa jinsi anavyokula.

Kobe alikuwa amehamishia daftari la vipimo kwenye kompyuta, ili kila mteja aingie kwa neno lake la siri na kuona vyake tu. Neno lenyewe haliwekwi, la hasha! Linapitishwa kwenye kinu ambacho mafundi hao hukiita hashi, linasagwa likawa unga usioweza kurudishwa kuwa punje, na unga huo ndio unaotunzwa. Mteja akirudi, neno linasagwa tena. Unga ukilingana, mlango unafunguka. Ila vinu vilikuwa viwili, na hapo ndipo panga zilipochomolewa.

"Shangazi," akanena Kobe, "kinu cha kwanza kinasaga kufumba na kufumbua. Cha pili kinachukua sekunde nzima kwa neno moja. Nakuomba uchague cha pili."

"Sekunde nzima!" Shangazi akangurumisha sauti hata pini zikatikisika. "Kobe mwanangu, miaka sita unakula kwangu, leo unataka kunizika? Mwalimu Mkuu alimhama fundi wa ng'ambo ya barabara kwa kungojeshwa kifungo kimoja! Akiondoka na sare zake sitini za kwaya, hizo cherehani mbili za nyuma nitazifanya vinanda?"

"Na akiondoka kwa kuwa mtaa mzima umejua kiuno chake?"

Sindano yangu ikasimama katikati ya kifungo. Maana Mwalimu Mkuu, mwanamke wa sauti ya kengele, alikuwa amemwapisha Shangazi kwamba kipimo kile kitajulikana kwa watatu tu: yeye, Shangazi na tepu.

"Tuseme mimi ni mwizi," Kobe akaendelea. "Nimeiba unga wote. Maneno siyajui, ila nakisia: nachukua maneno wanayoyapenda watu, nasaga moja moja, natazama lipi linalingana. Kinu kikiwa chepesi kwako, Shangazi, na kwangu mwizi ni chepesi."

"Punguza hotuba. Mimi natia uzi sindanoni, wewe saga. Tuone nani atatangulia."

Shangazi akalowesha uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja kama mlenga shabaha. Uzi haujapenya, wateja thelathini na mmoja kati ya arobaini walikwisha kuanguka!

"Huyu kaweka jina la mtoto," Kobe akasoma. "Huyu, moja mpaka sita. Na huyu kaweka... mrembo."

"Nani huyo?" akauliza mkata vitambaa, meno yote nje.

"Ni Shangazi."

Tukauma vitambaa tusicheke. Shangazi akainua kidevu. "Kwani uongo? Weka kinu cha pili."

Kikasaga tangu asubuhi hadi jua lilipoihama meza ya pasi, na walioanguka ni wawili tu: moja mpaka sita, na mrembo.

"Neno ambalo kila mtu analijua, kinu hakiliokoi," Kobe akasema kwa adabu. Saa ileile Shangazi akabadilisha neno lake, kichwa na kibodi vikiwa vimefunikwa kipande cha bitana. Kinu chepesi hakikutupwa: kilipewa kazi ya kukagua, kwa kulinganisha unga wa kabla na wa baada, kama michoro ya mitindo inayotumwa imefika bila kuharibika, mahali pasipo na siri ya kukisia.

Kesho yake akaja Mwalimu Mkuu. Akaandika neno lake, akabonyeza. Duara likaanza kuzunguka kiooni. Cherehani nne zikanyamaza.

"Mbona kinakawia hiki?"

Shangazi, pasipo kuinuka, akajibu kwa sauti ya mwenye ngome: "Mwalimu, kinakawia kwa ajili ya kiuno chako. Wewe kinakungojesha mara moja. Mwizi kitamngojesha kwa kila neno analokisia, mpaka azeeke."

Mlango ukafunguka. Mwalimu Mkuu akaitazama namba, akaikumbatia kompyuta kifuani, akaangaza kushoto na kulia.

"Hakiwezi," akanong'ona, "kukawia zaidi kidogo?"

Basi na ikumbukwe siku hiyo, vizazi na vizazi! Sare sitini zikakatwa. Kobe akapakuliwa sahani iliyojaa, akaila polepole, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyemwambia aharakishe.