Malalamiko ya Kuzikwa Nikiwa Kazini

Kwa Mzee Mwinyimvua,
Mwenye Mashine ya Kukoboa Mpunga,
Viwanja Sitini, Ifakara.

Shikamoo Mzee.

Ni mimi Fulgensi, msimamizi wako. Nakuandikia nikiwa mzima wa afya, na nakuomba uliamini hilo, maana hapa mashineni wengi wanaamini vingine.

Mzee, unajua mimi ni Mngoni, na Balbina wa mizani na Levina anayepepeta mchele ni Wapogoro. Ni watani zangu tangu enzi za mababu. Kwa msingi huo nimekuwa nikimshika Balbina kiuno kila anapoinama kusoma mizani, na kumwambia Levina mbele ya wateja kuwa asipokuja kunipikia kwangu hatapata zamu. Wakinuna, nawakumbusha kuwa kwa mtani hakuna kununa. Basi nalalamika hivi:

1. Jumatatu nilikuta gunia la pumba limelazwa mkekani pale mlangoni, limevalishwa koti langu la kazi. Nikaambiwa ndio mwili wangu. Balbina na Levina walikuwa wamejifunga kanga, wanalia kwa sauti. Kuuliza, nikajibiwa kuwa watani ndio wenye kazi ya kuzika.

2. Levina alisoma wasifu wa marehemu. Alitaja nilimshika nani, wapi, na nilisema nini, mpaka siku niliyomzuia Balbina stoo. Hakuongopa popote, Mzee, na hicho ndicho kilichoniuma. Wateja waliacha mpunga wao wakasogea kusikiliza.

3. Mke wangu alipigiwa simu ya msiba, akaja mbio akilia. Alifika katikati ya wasifu. Akafuta machozi, akaomba urudiwe kuanzia mwanzo.

4. Nilipofoka niliambiwa kwa mtani hakuna kununa. Barnaba mbeba magunia, naye Mpogoro, akanipapasa shavu kuniaga. Nimemwandikia barua ya onyo, kwa sababu mtu mzima hashikwishikwi kazini bila ridhaa yake.

5. Tangu nizikwe sina mamlaka. Nikitoa amri wanafanya ishara ya msalaba, wanasema wamesikia sauti ya marehemu, wanaendelea kupepeta.

Kwa hiyo naomba utangaze kuwa utani hapa kazini utashuka tu kutoka kwa msimamizi, usipande. Naomba pia lile tangazo la unyanyasaji wa kijinsia ulilobandika ukutani libanduliwe, maana ndiko walikotoa vichwa vyote vya wasifu wangu.

Msalimie Bibi Siwema na wote hapo nyumbani, na uwaambie sijafa.

Mimi mtumishi wako,
Fulgensi
Msimamizi (Hai)

N.B. Kabla sijafunga bahasha amefika binti yangu Teddy, anayefanya kazi kwa mfanyabiashara mmoja wa mchele Kiberege. Macho yake ni mekundu. Bosi wake naye amegundua kuwa ni mtani wetu. Mimi baba yake hakutaka kunieleza zaidi. Amemweleza Levina, na amekuja kuazima lile gunia. Mzee, nimelifunga mwenyewe kwenye baiskeli, na koti nimempa. Tangazo la ukutani usilibandue. Na kesho naomba ruhusa, nina msiba Kiberege.