Jinsi Chengo Alivyochagua Tairi na Kuuteka Mteremko wa Kanisani

Zimeni injini, enyi mnaokaa juu ya pikipiki, nanyi mnaokaa juu ya kreti za soda! Mwenye mahamri mdomoni na ameze kwanza. Mwenye simu na ailaze kifudifudi. Maana habari hii haitaki kusikilizwa kwa sikio moja huku jingine likingoja abiria. Ni habari ya Chengo wa Mtongwe, Chengo mwenye kizibao cha rifleketa ya manjano, mkata kona za Likoni, aliyepigana na lami, mchanga na tope katika wiki moja ya mvua, na silaha yake ilikuwa tairi.

Wapo waliopigania miji na wapo waliopigania ng'ombe. Chengo alipigania sketi ya mamamkwe wake.

Sketi hiyo ilikuwa nyeupe, sare ya akina mama wa kanisa, na aliyeivaa ni Mama Nyamvula wa Miritini, mzaa Dama mke wa Chengo, mwanamke mzito wa mwili na mzito zaidi wa kauli, ambaye akikohoa ukumbini kwake hata jirani hupunguza redio. Masika ya mwaka uliopita Chengo alimpakia kwenda ibada Mtongwe, na tairi yake ya nyuma siku hiyo ilikuwa kipara kama goti. Pale Mteremko wa Kanisani, penye udongo mweusi mla ndala, tairi ilitazama huku, pikipiki ikatazama kule, na Mama Nyamvula akajikuta ameketi katika tope, mgongo wima, mkoba mapajani, kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

Kuanguka si ajabu. Kilichomwua Chengo ni mikono yake mwenyewe. Kwao mwanamume na mamamkwe wake hawagusani, hata kwa kidole, hata nyumba ikiungua. Basi shujaa akainyoosha mikono, akakumbuka, akairudisha; akainyoosha tena, akairudisha tena, kama mtu afukuzaye kuku bila kutaka kumkamata. Mama Nyamvula alimtazama, huku akizama kidogo kidogo. Ndipo akapita Elkana, dereva wa bara, mrefu kama nguzo ya stima, ambaye hakuwa mkwe wa mtu yeyote Pwani nzima. Elkana akamtia mikono kwapani, akamng'oa kama muhogo, akamfikisha kanisani kwa pikipiki yake.

Tangu siku hiyo Mama Nyamvula alipandishwa na Elkana tu, na steji nzima ya pikipiki ya Mtongwe iliimba jambo hilo asubuhi na jioni.

Kisha Dama akajifungua binti, na kwa desturi jina la binti huyo lilikuwa la bibi yake mzaa mama. Lakini jina la bibi halichukuliwi kama embe lililoanguka. Lazima mwenyewe alitoe. Dama akaenda Miritini kuliomba, akarudi na maneno haya, akayatamka akiwa amesimama, mtoto mgongoni:

"Mama amesema atakuja ubatizo Jumapili. Amesema atapanda pikipiki yako. Akifika msafi, mtoto ataitwa Nyamvula. Akiketi chini tena, jina lake anarudi nalo Miritini, na mtoto tumwite Elkana."

"Elkana? Si ni msichana huyu!"

"Nami nilimwambia hivyo hivyo. Akasema ndipo mtajua uchungu."

Chengo akamtazama mwanawe, ambaye mpaka siku hiyo aliitwa Mtoto tu, na mtoto akapiga chafya. Moyo wa shujaa ukawaka. Akavaa rifleketa yake, akashuka Likoni kutafuta silaha.

Huko Likoni alitawala Milcah muuza tairi, Malkia wa Mpira, aliyeketi juu ya kiti cha enzi cha tairi za lori, kuku wawili miguuni pake na chai ya rangi mkononi. Hakuna pikipiki ya ng'ambo hii ya feri ambayo hajazitukana tairi zake.

"Ewe Milcah," akanena Chengo, "nipe tairi isiyoteleza kwenye lami, isiyozama kwenye mchanga, isiyolala kwenye tope!"

"Na ikupikie pia?" akauliza Milcah. "Tairi hiyo haijazaliwa, baba. Wewe niambie unapita wapi."

Chengo akaeleza safari. Mama Nyamvula angevuka kwa feri, apandishwe hapo Likoni, na hapo ni lami. Kisha apitishwe Shelly Beach kumchukulia mtoto leso ya ubatizo kwa dada yake Mama, na njia ya kwa dada huyo ni mchanga mtupu. Halafu Mtongwe, na Mtongwe ni lile tope.

Milcah akapuliza chai yake. Akavuta tairi tatu za mtumba, akazitupa mbele ya shujaa moja baada ya nyingine, nazo zikaruka na kutulia kama makamanda waliopiga saluti. Ya kwanza ilikuwa ya mjini, nyororo, yenye mifereji myembamba. Ya pili ilikuwa na meno, tena meno marefu yaliyoachana, kama mdomo wa mamba anayecheka. Ya tatu ilikuwa katikati, yenye vimeno vifupi vilivyobanana, tairi ya mtu asiyependa ugomvi.

"Jaribu zote," akasema Milcah. "Lakini sikiza. Itakayorudi na matope, unaosha wewe."

Na sasa, enyi wasikilizaji, tusemeni habari za majaribio, ambayo Mtongwe haijaona mfano wake. Kwa kuwa hakuna shujaa ajaribuye silaha kwa mamamkwe halisi, ilibidi apatikane mtu wa kumwakilisha, na aliyepatikana ni Nzai, rafiki wa Chengo, mvuvi mwenye ndevu. Akafungwa leso kiunoni, akapewa mkoba. Kati yake na Chengo kikawekwa kikapu cha ukili, maana heshima ni heshima hata katika mazoezi.

"Kaa kama Mama," akaamuru Chengo.

"Mama hukaaje?"

"Kama anayedai samahani."

Nzai akakaa hivyo hivyo, na wanawake waliokuwa bombani wakashika mbavu.

Tairi nyororo haikuchukua muda. Kwenye lami ilitembea kwa raha kama bibi harusi kwenye zulia. Ilipofika chini ya mteremko ikanusa tope, ikalala hapo hapo. Nzai akainuka na ndevu nyeusi zaidi ya alivyozaliwa nazo. Ile ya katikati ilikwenda vizuri kila mahali, haikumkera mtu, mchangani ikapita, lamini ikapita, lakini nusu ya mteremko ikasimama ikizunguka palepale, ikifikiri, kisha ikaanza kurudi kinyumenyume kwa adabu. Ndipo ikafungwa yenye meno. Ikauparamia mteremko ikinguruma, ikatafuna tope na kulitema nyuma, ikafika juu! Nzai akapiga kigelegele kwa sauti nzito. Lakini huko Shelly Beach tairi ileile ilichimba mchanga kana kwamba inatafuta maji ya kisima, mpaka ikazama kufika nati za gurudumu, na kwenye lami ililia vuuu njia nzima, na meno ya Nzai yakagongana mpaka akajiuma ulimi.

Likaitishwa baraza la vita hapo steji. Nzai, akingali na leso yake, akasimama kunena.

"Ndugu zangu, mimi ndiye nimekuwa mamamkwe kwa siku hizi chache, na nasema kwa uchungu wa mamamkwe: chukua ya katikati! Haina adui. Mpande polepole, labda itafika."

"Labda!" Elkana akacheka, amejilaza juu ya pikipiki yake, miguu kwenye usukani. "Buda, usijitese bure. Funga tairi yoyote. Mimi nitakuwa nyuma yenu Jumapili, karibu kabisa. Mama akidondoka, naokota. Nimezoea. Na mtoto akiitwa Elkana, nitamnunulia gari la kuchezea."

Steji ikapasuka kwa kicheko. Chengo akangoja kiishe. Kisha akapanda juu ya kreti, akainua mkono, akatoa hotuba ambayo madereva wa Mtongwe huirudia mpaka leo.

"Sikizeni! Kwenye lami tairi ikilia, Mama atanuna, na kununa kwake tumekuzoea. Kwenye mchanga tukizama, atakaa juu ya kiti angoje nishushe upepo, na mchanga ukimrukia, hukung'utwa. Lakini tope la Mteremko wa Kanisani halikung'utwi. Halisameheki. Na akianguka pale, mikono hii," akaionyesha, "haina ruhusa. Mimi sitafuti tairi ya safari nzima. Natafuta tairi ya mahali pale ambapo siwezi kumwinua. Meno nyuma! Ile ya katikati mbele, ishike breki huku lamini! Nimemaliza."

Hakuna aliyecheka. Hata Elkana alishusha mguu mmoja.

Jumapili ikafika, na mvua ilikuwa imenyesha mpaka alfajiri. Mama Nyamvula akatoka kwenye feri katikati ya umati, mweupe tangu kitambaa cha kichwani hadi soksi, na watu wakampisha bila kuambiwa. Chengo akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Mama."

Mama Nyamvula hakumjibu yeye. Alipanda, akakiweka kikapu katikati, akakiambia kikapu: "Marahaba. Kikapu, mwambie mwenye pikipiki asikimbie."

"Kikapu, mwambie Mama sikimbii," akajibu Chengo kwa unyenyekevu.

Wakaenda. Nyuma yao, hatua chache tu, akaja Elkana katika shati lake jeupe la kwaya, akipuliza mluzi.

Lamini tairi ikalia vuuu. "Kikapu," akasema Mama Nyamvula, "muulize, hiki ni chombo au ni nyuki?" Chengo akakaza macho barabarani. Shelly Beach meno yakazama kama alivyotabiri. Shujaa akashuka, akapiga magoti mchangani, akaachia upepo kidogo kwenye vali, psss, huku mamamkwe ameketi juu kama sanamu ya malkia, akiitazama bahari na kuiambia kuwa wapo watu watakaofika kanisani Jumatatu. Tairi ikalegea, ikatandaza nyayo, ikatoka. Leso ikachukuliwa. Elkana nyuma akapiga honi ya dhihaka.

Na sasa, nyamazeni. Mteremko ukawa mbele yao, mweusi, unang'aa, umejaa alama za waliokwama tangu asubuhi, na juu kabisa, mlangoni pa kanisa, Dama amesimama na Mtoto, na akina mama wote wa sare nyeupe nyuma yake. Chengo akatia gia ya kwanza. Hakuomba kwa sauti. Alivuta mafuta polepole, na meno ya tairi yakaingia kwenye mwili wa adui.

Pikipiki ikatikisika. Ikakwenda mrama kushoto, na akina mama wakasema "Yesu!" kwa pamoja. Elkana, akiona saa yake imewadia, akasogea karibu kabisa, mkono mmoja tayari hewani, mdomo wazi akipaza sauti: "Mama, usiogope, niko ha..."

Hakumaliza. Maana tairi ya meno hula tope kwa mbele na kulitema kwa nyuma, na siku hiyo ilikuwa na njaa. Bonge la udongo mweusi wa Mtongwe likaruka, likatua katika kinywa cha Elkana, la pili likatua kwenye macho, na mengine yakajigawia shati la kwaya. Elkana akalala ubavu, taratibu, pikipiki juu ya mguu. Na Chengo, Chengo mwenye rifleketa, akapanda, akapanda, akafika juu, akasimamisha chombo mlangoni pa kanisa kama mtu anayekabidhi funguo za mji.

Mama Nyamvula akashuka. Dama akazunguka kumkagua, kisha akashika mdomo: nyuma ya sketi, chini kidogo ya kiuno, palikuwa na doa jeusi, dogo, sawa na punje ya kunde.

Chengo akaliona. Mtoto akalia.

Mama Nyamvula akageuza shingo, akavuta sketi, akalitazama doa lile.

"Hili," akasema, "ni la mwaka jana. Halikutoka hata kwa jiki ya kufulia. Jipya silioni."

Akamchukua mtoto mikononi. Halafu, mbele ya akina mama wote, akakikabidhi kikapu kwa Dama ili kisiwe katikati, na kwa mara ya kwanza tangu masika yale akamtazama mkwe wake usoni.

"Chengo," akasema. "Nyamvula hajala tangu lini? Mbona mwepesi hivi?"

Vigelegele vikapasuka mpaka ng'ambo ya mlango wa bahari. Nzai akavua kofia yake. Chini ya mteremko Elkana alikuwa akitema udongo, na Chengo akashuka na mikono yake miwili, ambayo kwa mtu huyu ilikuwa na ruhusa kamili, akamtia kwapani, akamng'oa kama muhogo.

Hivyo ndivyo ulivyotekwa Mteremko wa Kanisani. Tangu siku hiyo, hapo steji, miaka huhesabiwa upya: jambo lilitokea ama kabla ya meno, ama baada ya meno. Milcah alituma watu mara nyingi kudai tairi yake ya nyuma ioshwe, kama walivyopatana. Chengo amekataa. Tope lile limekauka kati ya meno, na kila Jumapili Nyamvula mdogo, ambaye sasa anatambaa, hulibandua kidogo na kulionja, na hakuna anayemzuia.