Bei ya Nuri Mpya Naijua Mimi

Jumatatu, tarehe 3

Bibie amesafiri asubuhi. Dada yake amejifungua pacha na lazima mtu akamsaidie mzazi. Atarudi Jumamosi jioni. Ameniachia maagizo mlangoni, kidole juu: niliwashe gari lake kila asubuhi lipate moto, nisiende nalo popote, na nisitie kitu chochote kwenye buti. Buti ni la keki. Bibie anapika keki za harusi, na ile Nuri yake nyeupe ya zamani ndiyo duka lake, ndiyo miguu yake. Nimeitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo. Basi lilipokata kona tu, nikashika simu.

Maana mambo yameiva! Duka la magari la barabara kuu limetangaza kwamba Nuri mpya, iliyosanifiwa upya kuanzia taa mpaka matairi, itafunuliwa Jumamosi asubuhi. Bei ni siri. Nguvu zake ni siri. Ulaji wa mafuta, siri. Kundi letu la simu la wapenda magari linatokota, na msimamizi wa kundi ni mimi. Watu wanangoja neno langu. Nikaandika bila kusita: bei itapanda kiduchu tu, kwa sababu gari dogo ni la watu wa kawaida, na kampuni haina wazimu.

Shemeji akaingilia. Huyu ni mdogo wake Bibie, muuza makochi, mtu ambaye hajui hata dipstiki ya kupimia oili inachomekwa wapi. Kaandika mbele ya kundi zima kwamba Nuri mpya itauzwa mara mbili ya ile ya zamani, na kwamba mimi naota mchana kweupe. Watu wakacheka. Nimewaona wote waliocheka.

Nimewaza mpaka chai imepoa. Gari jipya likitoka, la zamani linashuka bei. Hilo halihitaji shule. Basi mwenye akili huuza la zamani kabla ya Jumamosi, akaongezea akiba yake kidogo, akanunua jipya siku hiyo hiyo. Bibie atashuka kwenye basi akute Nuri mpya inamngoja! Atalia kwa furaha. Kadi ya gari ina jina langu, kwa kuwa tulilinunua kabla hajafungua biashara. Hakuna kizuizi.

Jumanne, tarehe 4

Limeuzwa! Mnunuzi ni mwalimu mstaafu, mzee mtaratibu, suruali imepigwa pasi mpaka inakata. Kazunguka gari mara moja, kafungua buti, kanusa vanila, katabasamu. Nimetaja bei. Kakubali papo hapo. Hakuomba hata kupunguziwa! Nilikwenda zangu nikijisifu kwa ufundi wa kuuza, ila njiani kidogo moyo ukaniuliza kwa nini mzee kakubali upesi hivyo. Nikaunyamazisha.

Jioni Bibie kapiga simu. Kanikumbusha kwamba Jumapili asubuhi ana keki ya ghorofa nne ya kupeleka, ya harusi ya binti wa mwenye hoteli. Keki zenyewe ziko kwenye friji, bado kupambwa tu. Mwenye hoteli akiridhika, harusi zote za hoteli zitakuwa za Bibie. Akikuta keki imebonyea, basi tena. Kisha kauliza kama gari liko salama. Nimejibu liko salama. Sikusema uongo. Yule mwalimu anaonekana mtu mwangalifu sana.

Usingizi haukuja kirahisi.

Jumatano, tarehe 5

Nimemwambia bosi nina jino. Nimekwenda duka la magari kupeleleza.

Nuri mpya iko nyuma ya kioo, imefunikwa kitambaa chekundu mpaka chini. Nimeomba kwenda chooni ili nipite karibu. Nimeipima kwa mwavuli, nikijifanya nanyoosha mgongo. Ndogo kama ya zamani! Gari dogo, bei ndogo. Dada wa mauzo akaja kuniuliza kama nimepotea. Nikamuuliza, kijanja, kama bei ni ya kutisha. Akacheka. Nani anacheka kitu ghali? Tena nimeona wakipanga viti vya plastiki vya wageni. Viti vya plastiki! Mtu anayeuza gari la matajiri huwakalisha watu kwenye plastiki?

Nimepeleka ripoti kwenye kundi. Shemeji kajibu kwamba hata mazishini watu hukalia plastiki. Mtu mwenye kijicho hana dawa. Nimemuuliza, akiniheshimu kama mume wa dada yake atapungukiwa nini. Kanitumia picha ya kochi.

Alhamisi, tarehe 6

Leo jino la pili. Bosi kaniangalia kwa muda mrefu.

Niligundua kwamba asubuhi wanaitoa Nuri mpya kuijaribu, imebandikwa michoro myeusi na myeupe ili watu wasijue umbo lake. Nikakodi pikipiki. Nimemwambia dereva alifuate gari lile, asiliache, asilikaribie. Akauliza kama ni mke wangu aliyemo ndani. Nikamwambia ni jambo kubwa zaidi. Akanionea huruma, akakanyaga gia.

Jamani, lile gari! Limepanda mlima kama linashuka. Limetuacha kwenye taa kabla sijasema ah. Na kimya! Hakuna mngurumo, hakuna moshi. Injini imetulia, mafundi wameifunga vizuri mno. Nikaandika mkononi kwa kalamu: inakunywa mafuta kama ndege, kijiko kijiko.

Halafu likakata ghafla, likaingia kituo cha polisi. Yule dereva wa majaribio alikuwa ametuona tangu mwanzo, kadhani tunataka kumpora. Mwenye pikipiki alinishusha akapotea na nauli yangu na chenji yangu. Nikajiona tayari nimefungiwa ndani, Bibie anashuka kwenye basi Jumamosi, hakuna gari, hakuna mume.

Askari wa zamu, mtu wa mashavu, akanishika mkono akaanza kusoma. Akasoma tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama mimi ndiye msimamizi wa kundi la wapenda magari. Kumbe yumo! Kalala na Nuri mpya kichwani wiki nzima. Alitaka tu kujua bei. Nilimtajia ile yangu, kwa uso mkavu, kama mtu aliyeambiwa na mwenye kampuni. Akashusha pumzi, akasema basi hatainunua ile Nuri ya zamani ya binamu yake, atangoja. Akanisindikiza mpaka getini. Nilitembea hadi nyumbani.

Ijumaa, tarehe 7

Balaa. Bibie atarudi mapema, kesho adhuhuri. Pacha wamezoea, mama yao yuko vizuri, na yeye hawezi kulala kwa ajili ya ile keki. Anataka nimpokee kituoni na gari. Kaniambia nilipanguse buti kwa kitambaa safi. Nimesema sawa.

Nikakimbilia kwa mwalimu. Nimekuta anamfundisha mke wake kurudi kinyumenyume, wote wawili wanacheka kama wachumba. Nikaomba aniazime gari siku mbili tu. Kaniambia kwa adabu zote kwamba alichonunua kanunua. Ila kama kuna mzigo, atampelekea Bibie mwenyewe, bila malipo. Nikakataa. Ningemwelezaje Bibie kwa nini mzee asiyemjua anaendesha gari lake?

Narudi, simu inalia. Shemeji. Kaiona Nuri nyeupe kwenye pampu ya mafuta na babu kwenye usukani. Kauliza dada yake anajua? Nimebembeleza. Nimemwita shemeji mpenzi. Nimemwita kaka! Kakubali kunyamaza mpaka kesho kwa sharti moja: ambaye bei yake itakuwa mbali zaidi na ya kweli atoke kwenye usimamizi wa kundi. Nimekubali. Kesho saa hizi nitakuwa na gari jipya na kundi, na yeye atakuwa na makochi yake.

Hata hivyo shati la kesho nimelipiga pasi mara tatu.

Jumamosi, tarehe 8

Nilifika duka la magari kabla hawajafungua. Nikakaa mbele, kiti cha plastiki. Shemeji akakaa nyuma yangu, nasikia anavyopumua. Askari wa mashavu naye yuko, kavaa kiraia, ananipungia. Kitambaa kikavutwa. Nuri ikatokea, ya buluu, inang'aa, nzuri jamani, nzuri mpaka nikasahau shida zangu. Meneja akashika kipaza sauti, akasema bei.

Mara tatu ya ile ya zamani.

Pesa yangu yote, pamoja na akiba, ingenunua labda milango na kioo cha nyuma. Nikageuka kumwangalia Shemeji, naye mdomo wazi, kwa kuwa hata yeye hakufika huko. Bado meneja hajamaliza. Akafungua boneti. Hakuna injini. Kuna masanduku na waya mnene wa rangi ya chungwa. Ni gari la umeme! Halinywi mafuta hata tone. Wiki nzima kundi zima tumegombana juu ya lita. Askari akanitazama, akatazama mkono wangu ambao kalamu haijafutika vizuri, akatoka nje kumpigia binamu yake. Binamu alikuwa ameshauza.

Nje ndiko nilikokwisha kabisa. Mwalimu alikuwa ameegesha ile Nuri nyeupe, watu wamemzunguka, kila mmoja anapandisha dau. Jipya limekuwa la matajiri, basi kila mtu anataka la zamani. Ya zamani haikushuka. Imepanda! Imepanda asubuhi ile ile, mbele ya macho yangu.

Adhuhuri nilikuwa kituoni kwa miguu. Bibie akashuka na begi, akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Nikamwambia yote pale pale, maneno yanagongana. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa juu ya begi lake katikati ya watu, akaniuliza jambo moja tu: keki itafikaje? Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, na naandika hapa, mahali ambapo hatasoma, kwamba nampenda yule mwanamke.

Kisha akasimama, akaomba namba ya mwalimu. Tukaenda kwake, mimi nyuma na begi. Bibie akazungumza na mke wa mwalimu jikoni, sijui wakasema nini. Mwalimu akakubali kulirudisha gari, ila kwa bei ambayo wale wa asubuhi walikuwa wamefika, na hakuna wa kumlaumu. Bibie kaongezea pesa aliyokuwa anaweka ya kukodi chumba cha duka. Aliihesabu bila kunitazama. Njiani alilia kidogo kwenye usukani, akajifuta kwa mtandio, akaniambia nisimguse.

Jumapili, tarehe 9

Keki imefika ghorofa zote nne, haina hata ufa. Nimeishikilia njia nzima kwenye buti nimejikunja, maana hapo ndipo aliponiambia nikae. Mwenye hoteli kaonja, kafumba macho. Harusi zote ni za Bibie, kila wiki, kuanzia mwezi ujao! Bibie kacheka kwa mara ya kwanza tangu jana. Duka litangoja, kasema, lakini kazi ipo.

Shemeji kachukua kundi, kisha kanitoa. Haki gani hiyo? Yeye pia alikosea. Na mimi nilikosea kwa upande wa huruma, nilitaka watu wapate gari rahisi.

Nimemwapia Bibie kwamba sitauza tena gari lake bila ruhusa. Kanijibu kwamba kesho kadi inaandikwa jina lake.

Jumatatu, tarehe 10

Bibie ameondoka asubuhi kushughulikia kadi, kisha atapitia hotelini. Atarudi jioni. Nyumba kimya. Nimekaa jikoni nikimfikiria. Amepoteza duka kwa sababu yangu, na sasa ana harusi kila wiki na oveni ndogo ya zamani, mlango wake unafungwa kwa kamba. Roho inaniuma. Lazima nimfidie.

Na bahati iliyoje! Nimeona tangazo. Oveni ile ile, iliyosanifiwa upya, ya trei sita, inatoka mwisho wa mwezi. Bei haijatajwa. Lakini mimi nimeitazama picha vizuri. Vitasa ni vya plastiki. Itakuwa rahisi. Nimeanzisha kundi la vyombo vya jikoni, mwanachama ni mimi peke yangu kwa sasa, nikaandika makisio yangu. Hakuna aliyepinga.

Ikitoka hiyo, hii ya zamani itashuka bei. Kadi haina, wala jina la mtu. Na nilichoapa ni juu ya gari. Nimempata mtu anayeitaka leo leo, hajaomba hata kupunguziwa.

Fundi wa kuichomoa ndiye huyo anabisha hodi.